Siku Vinanda Viwili Vilipojipiga Vyenyewe

Vinanda vilijipiga vyenyewe saa tisa alasiri, jua linawaka, mlango wa studio uko wazi.

Saa tisa na dakika mbili kaka yangu alikuwa ameshanivunja vidole viwili.

Naandika hii kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, kwa hiyo mkikuta makosa mnivumilie. Na wale watakaosema natunga, wapite tu. Sina nguvu za kubishana na mtu.

Kaka yangu wanamwita Nyundo, na hajawahi kuwa seremala. Ni mikono tu. Amewahi kumng'oa mtu jino kwa sababu ya foleni ya maji.

Tuna bendi ya watu watatu. Kaka anapiga kinanda cha kushoto, mimi cha kulia. Wa tatu ni dada mmoja mwimbaji tunayemwita Chiriku, ambaye pia ndiye anayewasha na kuzima mashine ya ngoma. Studio yetu ni chumba cha nyuma nyumbani kwa mama, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili majirani wasituchukie sana.

Shida yetu ilikuwa nyaya.

Vinanda vya umeme vinaongea kwa waya wa midi. Ni waya mnene, kichwa chake kina pini tano zilizopangwa nusu duara. Wimbo mmoja unataka kinanda cha kaka kikiamrishe changu. Wimbo unaofuata unataka changu kikiamrishe cha kaka. Basi kila wimbo ukiisha naingia nyuma ya meza, tochi mdomoni, nachomoa huku nachomeka kule, watu wanapiga makofi ya kejeli.

Kaka hasogei. Miaka kumi na moja ya bendi, sijawahi kumuona akigusa waya hata mmoja.

"Nyaya zako hizo," anasema, halafu anaangalia pembeni.

Mimi nikajua ni kiburi cha ukubwa.

Wiki moja kabla ya siku ya vidole, kwenye ukumbi wa harusi, nilikosea tundu. Bibi harusi yuko katikati ya ukumbi, vinanda vyote kimya, zinasikika ngoma peke yake kama mtu anayegonga mlango. Kaka alinifuata nyuma ya pazia akanipiga kichwa cha pua. Nikapiga nyimbo tisa zilizobaki huku damu inaingia mdomoni, shati jeupe limekuwa la mchinjaji.

Nilipofika nyumbani mama alinisafisha pua bila kuuliza ni nani. Nikamwambia, "Mama, mwanao huyu ni baba mtupu. Baba hakufa, amehamia kwake."

Mama akabana midomo, akakamua kitambaa.

Kesho yake nikaenda kwa Lehemu.

Lehemu ni fundi wa vyombo vya muziki. Duka lake linanuka risasi ya kulehemu, na ana tabia ya kumhoji mteja kama mtuhumiwa.

"Mashine ngapi?"

"Nne. Vinanda viwili, mashine ya ngoma, na sikwensa ya marehemu baba."

"Ya marehemu inafanya kazi?"

"Sijui. Iko kabatini tangu tumzike."

Kwa wasioijua, sikwensa ni mashine ya kunakili, ila hainakili sauti. Inanakili vidole. Ulibonyeza wapi, lini, kwa nguvu gani. Ukiiwasha baada ya miaka ishirini, kinanda kinapiga tena vilevile ulivyopiga, na makosa yako yote.

Lehemu akaweka visanduku vitatu mezani.

"Hiki cha kwanza kinaingiza mmoja, kinatoa wanne. Bosi mmoja, wafanyakazi wanne. Nyie mabosi wangapi?"

"Wawili."

"Rudisha. Hiki cha pili ni kizuri sana, ila hakifanyi kitu bila kompyuta. Kompyuta ikigoma jukwaani?"

"Kaka ataipiga teke."

"Na wewe juu yake. Rudisha."

Cha tatu kilikuwa chuma cheusi, kirefu, chembamba. Nyuma matundu nane ya kuingizia na nane ya kutolea. Mbele vitufe na mstari wa taa ndogo.

"Hii ndiyo pachibei," akasema. "Inajitegemea, haiombi kompyuta. Ukishachomeka nyaya zako mara moja, huzigusi tena. Kwa vitufe unapanga nani amsikilize nani, unahifadhi. Wimbo wa pili, unabonyeza mbili, mpangilio unabadilika. Ukizima umeme haisahau. Mabosi wawili wakipiga kwa pamoja, inawachanganya bila kugombana."

"Na taa?"

"Kila tundu lina taa yake. Anayepiga, yake inawaka. Humtafuti mchawi."

Nikaipenda papo hapo. Niliona pua yangu imepona.

"Jambo moja," akanishika mkono. "Mashine ya ngoma ukiibonyeza ianze, haianzi peke yake. Inatuma amri hiyo kwa kila aliyeunganishwa: anza. Kama kuna usiyetaka aanze, mfungie njia kwenye vitufe. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Sikumsikia. Nilikuwa nahesabu matundu.

Siku ya mazoezi niliwahi studio peke yangu, nikaunganisha kila kitu. Matundu yakabaki mengi. Nikaona haya kuacha chombo cha maana hivyo kina nafasi tupu, ndiyo nikafungua kabati nikatoa sikwensa ya baba. Ndani kulikuwa na diski. Nikaiwasha, ikaikwaruza diski kama kuku anayeparua, halafu ikatulia. Nikaipangia njia ya kwenda kwenye vinanda vyote viwili na njia ya kupokea kutoka mashine ya ngoma.

Njia ya amri ya kuanza sikuifunga. Hilo ndilo kosa langu, na nimelilipia.

Kaka akaja, akaona nyuma ya meza nyaya zimefungwa vizuri kwa kamba. Akauliza, "Hazichomolewi tena?"

"Kamwe."

Alinipiga kibao cha mgongoni, kile cha furaha. Mara ya mwisho alinipiga vile sijui lini.

Chiriku akabonyeza mashine ya ngoma.

Ngoma zikaanza. Na vinanda vikaanza.

Kaka alikuwa na mikono mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Chiriku akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani anapiga?"

Nililitambua kabla hata halijafika katikati. Lilikuwa zoezi la Jumamosi.

Baba alitufundisha muziki kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mimi nikiwa na miaka sita, kaka kumi na moja. Vinanda viwili, cha kaka kushoto, changu kulia, vyote vinatolea sauti kwenye sanduku moja na spika moja, sauti ileile. Baba anawasha sikwensa, tunapiga, inanakili. Tukimaliza anarudisha mwanzo, tunasikiliza wote watatu, na yeye amekaa na waya wa midi umekunjwa mara mbili mapajani.

Ikifika noti mbovu, anasimamisha.

"Nani?"

Na kaka anasema, "Mimi."

Anavua shati mwenyewe. Baba hakuwa anapiga kwa hasira, na hilo ndilo linanitisha hadi leo. Alipiga kwa utulivu, upande wenye pini, noti moja pigo moja. Mgongo wa kaka una alama mpaka leo, vidoti vitano vitano, nusu duara juu ya nusu duara. Nilivihesabu siku moja tukioga, nikaacha nilipofika sitini.

Mimi sikuguswa hata Jumamosi moja. Nilikua najua kwamba kaka yangu ni mzito wa muziki na mimi ndiye mwenye kipaji. Shuleni nilijisifu. Ukubwani nilimtania jukwaani, mbele ya watu.

Sasa zoezi lile linalia studioni, na kaka amegeuka kijivu.

"Zima," akasema. Kwa sauti ndogo, ya kitoto.

Nikababaika. Nikabonyeza kitufe kisicho chenyewe. Likaendelea.

"Unanifanyia makusudi," akasema.

"Kaka, siyo mimi, ni amri ya..."

Ngumi ya kwanza ilinikuta kwenye taya. Nilisikia jino linakwenda. Nikaanguka juu ya kinanda changu, nacho kinaendelea kupiga chini ya kifua changu. Akanivuta shingo akanigonga na ukuta, trei za mayai zikapasuka kichwani. Chiriku akamrukia mgongoni. Akatupa kiwiko nyuma bila kuangalia, mdomo wa Chiriku ukachanika hadi karibu na pua. Damu yake ilinirukia machoni.

Kaka akang'oa mguu wa chuma wa stendi ya kinanda. Akaunyanyua kwa mikono miwili.

Nilinyoosha mkono. Sijui kwa nini, niliuweka juu ya pachibei.

Chuma kilishuka.

Kidole cha pete na kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Mfupa wa kidole cha mwisho ulitoka nje, mweupe, safi, nikauangalia kama kitu cha mtu mwingine. Halafu ndipo nikalia. Akakishusha mara ya pili, kikapiga swichi ya umeme ukutani, cheche zikaruka, kila kitu kikazima.

Kaka akaangalia mkono wangu. Akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo ukutani, akavua shati.

Polisi walimkuta hivyohivyo.

Hospitali nilifungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Chiriku alishonwa nyuzi saba, akaandika malalamiko yake hapohapo kitandani, na ana haki. Sajenti akaniambia ya kwangu ndiyo mazito: kuvunja mfupa kwa chuma. Nikisaini, kaka anakwenda mahakamani na ni miaka. Nije kesho na kile chuma.

Nilitaka kusaini palepale. Kalamu ilikuwa haishikiki.

Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda.

"Mwanangu, usimfunge."

"Mama, ameniharibia mkono wa kazi. Ni baba yuleyule."

"Usimfananishe na baba yake."

"Kwa nini nisimfananishe?"

Akavuta mtandio hadi machoni. "Nilikuwa jikoni," akasema. "Jumamosi zote nilikuwa jikoni. Mimi sina mdomo wa kukueleza."

Nikaugeukia ukuta. Nilimchukia na yeye siku ile, nasema ukweli.

Asubuhi nilimpitia Lehemu twende naye studio, kwa kuwa mkono mmoja usingetosha kubeba chuma na kurudisha umeme. Alirekebisha swichi ya ukutani, akaiinua pachibei. Ilikuwa imebonyea pembeni, ina damu yangu iliyokauka. Akawasha. Taa zikajipanga.

"Imepona," akasema. "Na mpangilio wako inao. Kitu gani kilianza bila ruhusa?"

"Amri ya kuanza."

Alinitazama, akataka kusema, akaona plasta, akaacha. "Ngoja nisikie chenyewe."

Akabonyeza.

Zoezi la Jumamosi likaanza tena. Safari hii nilikuwa nimekaa, sina nguvu hata ya kuogopa. Lehemu alisimama katikati ya vinanda viwili, mikono nyuma, ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua.

"Huyu wa kushoto ni nani?"

"Kaka. Alikuwa na miaka kumi na moja."

"Alikuwa hatari. Huyu wa kulia ndiye mbovu."

Nikadhani nimesikia vibaya kwa sababu ya taya.

"Wa kulia ni mimi," nikasema.

"Basi wewe ndiye mbovu. Sikiliza."

Niwaeleze, maana na mimi ilinichukua muda. Kila kinanda kina namba yake kwenye midi. Cha kaka kilikuwa moja, changu mbili, na kila kinanda tulichonunua tangu hapo tumekiwekea namba zilezile kwa mazoea. Kwa baba tulitoka wote kwenye spika moja, hakuna aliyeweza kututenganisha, hata mimi mwenyewe. Sasa pachibei ilikuwa inavipelekea vinanda vyote viwili kila kitu, na kila kinanda kinapiga cha namba yake tu. Vidole vya kaka vilikuwa vinasikika kushoto. Vyangu kulia.

Noti mbovu ya kwanza ilitoka kulia.

Ya pili, kulia.

Ya tatu, ya nne, ya tano. Nilikuwa nazihesabu na naona mgongo.

"Nani?"

"Mimi."

Kila moja ilikuwa yangu.

Diski ilikuwa na mazoezi manne, Jumamosi nne mfululizo. La pili vilevile, la tatu vilevile. Kushoto hakuna doa. La nne Lehemu akanyanyua kichwa.

"Hapa wa kushoto amekosea."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kupata hata moja ya kwake.

"Ngoja," akasema. Akalirudisha. Akalirudisha tena. "Hajakosea huyu. Amepiga noti mbovu kwa nguvu zote, halafu ameirudia. Mtu akikosea anaikimbia noti, haipigi mara mbili. Baada ya hapa kuna nini?"

Baada ya hapo kulikuwa na mteremko wa noti kumi na sita za mkono wa kulia, ambao mimi nilikuwa siuwezi. Sikuuweza hadi nilipofika miaka tisa.

Kaka aliharibu mwenyewe, kabla sijafika pale, ili baba aisikie palepale, asimamishe zoezi lote. Nilisikiliza tena: baada ya ile noti, zoezi linakatika. Diski nayo inaishia hapo.

Lehemu alizima, akatoka nje akawasha sigara. Nilisikia sauti ya ajabu chumbani, ya mnyama hivi, nikagundua ni mimi.

Sikubeba chuma. Nilibeba diski.

Kituoni sajenti aliniruhusu dakika kumi. Kaka alikuwa upande wa pili wa nondo, amevaa shati kwa kuligeuza nje ndani.

"Vidole?" akauliza.

"Vipo."

"Kile kisanduku?"

"Kimepona."

Akatikisa kichwa. "Ngumi ilikuwa yako, sikufichi. Nilijua umenichezea. Ila chuma nilikuwa namuua yule mzee. Nilimuona amekaa palepale, na waya. Mkono wako niliuona nimeshachelewa."

"Kaka. Nimesikiliza hadi mwisho."

Akashika kola ya shati.

"Wa kulia ndiye alikuwa anakosea."

Akaangalia pembeni, kama anavyoangalia nikishika nyaya.

"Ulikuwa na miaka sita," akasema. "Shingo ilikuwa hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili jinsi ilivyokuwa nyembamba.

"Kwa nini hukuniambia hata ukubwani? Nimekutukana jukwaani miaka yote."

"Ningekuambia halafu? Si ungeacha kupiga."

Nilishika nondo kwa mkono mzima. Yeye hakunyoosha wake. Aliuangalia tu ule wa plasta, machozi yanamtoka bila kubadilisha uso.

Kwa sajenti nilitoa maelezo. Sikufuta kitu. Nilisema ngumi, nikasema chuma, halafu nikasema Jumamosi zote, kuanzia ya kwanza. Akasimamisha kalamu mara mbili akidai hayo siyo ya jana. Nikamwambia ni ya jana hiyohiyo, aandike. Aliandika kurasa nne.

Hakimu alizisoma zote. Hakumpeleka jela, alimpa kifungo cha nje na kumuona mshauri kila wiki. Anakwenda. Wiki nyingine anatoka huko hataki kuongea hadi kesho yake. Chiriku hakurudi kwenye bendi, na hatujamwomba arudi. Kaka alikwenda kwao akasimama nje ya geti kuomba radhi. Alisikilizwa, geti halikufunguliwa. Sawa kabisa.

Mnataka funzo. Sisemi mtu akikuvunja mfupa umbusu. Kipigo ni kipigo, na kaka anajibu cha kwake. Nasema niliishi na mtu miaka thelathini nikimsikia kwenye spika ya mtu mwingine, nikatoa hukumu kila siku. Kama una ndugu mnayemwita mkorofi pale kwenu, muulize alianza lini. Muulize akiwa hai.

Wiki iliyopita plasta ilitoka. Vidole havikunjiki sawasawa. Tulirudi studio, tukakuta waya mmoja umechomoka nyuma ya pachibei. Niliinama, mkono ukagoma kushika.

Kaka akapiga magoti. Akaushika ule waya, kichwa chenye pini, jasho linamtiririka shingoni kana kwamba ameshika nyoka. Akauangalia muda mrefu. Akauchomeka.

Taa ikawaka.

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda. Ni mara ya kwanza naona ametoka jikoni tukiwa tunapiga.

Tukapiga zoezi la Jumamosi, kaka ndiye aliyetaka. Tukafika kwenye ule mteremko wa noti kumi na sita. Vidole vyangu vikagoma, noti ikatoka mbovu, chumba kizima kikaisikia.

Kaka akasimamisha mikono. Mama akainua uso. Hakuna aliyeuliza kitu.

"Mimi," nikasema.